Bidoni mbele ya gunia: maneno tuliyosoma mbele ya vijana juu ya akiba ya nyumbani



Leo hatukuja kuongea juu ya maandamano. Tumekuja kuongea juu ya bunga, maji na makala. Wako watakaosema hii ni habari ya bamama, vijana wa mapambano wanaitafutia nini. Hao tunaomba wakae mbele kabisa, juu njo bao tuliwafikiria wakati tulikuwa tunaandika hii maneno.

Mnakumbuka Januari 2025. Tarehe 21 Minova ikaanguka, kisha Sake, na katika zile siku chache kila mzazi wa Goma alikuwa anafanya hesabu moja kichwani. Minova njo kulikuwa kunatoka vyakula kwa mashua mpaka Kituku. Sake njo mlango wa Masisi. Milango kama hiyo ikifungwa, bei haingoje risasi ifike mjini. Inapanda siku ile ile, na anayelipa wa kwanza ni yule anayenunua kila siku kwa kopo, maana hana feza ya kununua gunia.

Mama mmoja wa Katoyi, jirani wa mmoja wetu, ako na batoto tano na anauza nyanya kando ya barabara. Siku ya Alhamisi alikula mtaji wake wote: bunga, maharagi, chumvi, mafuta ya mawese kidogo, sabuni moja, makala nusu gunia. Akaingia ndani, akafunga. Usiku wa 26 kuamkia 27 M23 ikaingia mjini, na milio ikaendelea siku zingine. Siku ya tatu makala ikaisha. Alituambia kisha: "Nilinunua maharagi kama vile tuko mu amani. Maharagi inakula maji, inakula makala, mutoto analia tena haijaiva." Bunga ilibaki, chumvi ilibaki. Kilichokosekana ni maji ya kuisonga.

Hapo tunaomba msikilize vizuri. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Kisima huchimbi hivi hivi. Maji ya bomba inapandishwa toka ziwani kwa pompi, na pompi inakula umeme. Mapigano yalipokata laini ya umeme, mbele hata ya vita kuingia katikati ya muji, pompi zikanyamaza, na bomba zikakauka moja kwa moja. Kwa hiyo katika muji wetu ukikosa umeme umekosa na maji, na hakuna anayekutangazia. Muji ulioko kando ya ziwa lote hili ukawa na kiu. Batoto wakateremka na bidoni ziwani huku risasi zinapita, juu mkubwa akionekana barabarani alikuwa anaogopa kuchukuliwa. Wazazi walifanya ile hesabu pia: nani aende, nani abaki. Hatujui hesabu mbaya kuliko hiyo.

Na maji ya ziwa mbichi ni kolera. Wazee wetu wanakumbuka Julai 1994, wakati wakimbizi walifika Goma kwa wingi na kolera ikaua maelfu kwa maelfu mu siku chache. Tangu wakati ule haijatutoka kabisa. Kuchemsha kunaomba makala, na makala imeisha. Mnaona jinsi kitu kimoja kinavuta kingine.

Basi tuseme hesabu yenyewe. Nyumba ya watu sita, kila mtu litri tatu za kunywa na kupika tu, bila kuoga, bila kufua: ni litri 18, karibu bidoni moja ya litri 20 kila siku. Siku ine ni bidoni ine. Sasa ingieni mu chumba kimoja cha kupanga kule Majengo ao Ndosho mkahesabu bidoni ziko ngapi. Mtapata mbili, na moja inavuja. Mzazi anayetaka kuweka akiba aanze hapo, mbele ya gunia: bidoni yenye kifuniko, imeoshwa, imejazwa leo wakati bomba inatoka, na maji yanabadilishwa mara kwa mara. Dawa ya maji ikipatikana, inanunuliwa mbele ya sukari ya chai, na kipimo ni kile kilichoandikwa juu ya paketi yake.

Kwa chakula, tafuta kinachoiva haraka ao kisichohitaji moto: bunga ya uji, mchele, sambaza ya kukausha, karanga, biskwi kwa batoto. Maharagi si mbaya, lakini pika mapema mukiwa wengi. Sukari na chumvi zisikose, juu mutoto akiharisha wakati barabara ya hospitali imefungwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi ndani ya litri moja ya maji safi vinaweza kumshika mpaka mlango ufunguke. Vijiko vya kupima sawasawa, bila kilima. Dawa za mwenye sukari na mwenye presha, wiki mbili mbele kama inawezekana. Pamba za badada pia, ambazo wababa wanasahau kila mara kwenye lista.

Feza ya ku simu, tuliona. Intaneti ikapotea, benki zikafunga mlango, na waliokuwa na dola kwenye akaunti wakakopa mchele kwa jirani asiye na akaunti. Likelemba ya wamama wenye waligawana noti ndogo ndogo za franka mbele ya vita ilisaidia kuliko kadi yote. Weka kidogo mkononi, na usiweke fasi moja.

Sasa shida yenyewe, ambayo wanaotuandikia mashauri toka mbali hawaiulizi. Mzazi wa kwetu hajui kama anaweka akiba ya kukaa ao ya kukimbia. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 asubuhi kartie 10 kati ya 18 zikaamriwa kutoka. Watu waliondoka na godoro juu ya kichwa kuelekea Sake, wengine Rutshuru, wengine Gisenyi. Gunia la kilo 25 na bidoni ine haviendi Sake kwa miguu. Mwenye aliweka feza yake yote kwenye gunia aliiacha nyuma ya mlango, na akirudi hakuikuta. Kwa hiyo nyumba inaomba mifuko miwili: mmoja wa kukaa, na mwingine mdogo wa mgongoni, wenye maji litri mbili, karanga, shuka, kadi ya kura, karatasi za kuzaliwa za batoto, na namba za simu zimeandikwa kwa kalamu. Simu inazimika. Mutoto wa miaka mine anajua jina "mama" tu. Mfukoni mwake kuwe karatasi.

Tunasikia wengine wanauliza: na mwenye hana feza ya mufuko hata moja? Mama wa Katoyi alikuwa na mtaji wa kula. Jirani yake, aliyetoka kambini na batoto, hakuwa na kitu. "Niko na feza ya siku moja, banasema nijifungie siku ine," alisema. Mutu kama huyo hakukosa akili ya kujitayarisha. Hapo akiba ya nyumba moja inaishia, na kazi yetu vijana inaanza.

Kwanza, ulimi wetu. Machi 2020, gavana wa Kinshasa alitangaza kufunga muji kwa ajili ya korona kuanzia tarehe 28. Neno lilipotoka, masoko yakajaa, bei zikaruka, na usiku wa kuamkia siku yenyewe akairudisha nyuma. Mlango ulikuwa haujafungwa bado na maskini alikuwa amekwisha kuumia. Habari ya "kesho wanafunga" unayoisukuma kwenye WhatsApp saa ine ya usiku bila kujua imetoka wapi inafanya kazi ile ile sokoni asubuhi. Uliza mara mbili. Kama huna jibu, lala.

Pili, sisi wenyewe. Ville morte ni silaha yetu ya amani na hatuiachi. Lakini mama anayeuza nyanya anailipa kuliko mtu wa ofisi. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: hakuna ville morte inayotangazwa usiku kwa asubuhi. Siku tatu wazi, soko likiwa limefunguliwa, na mwisho wake unajulikana toka mwanzo. Na yeyote anayeshika muji, awe nani, anayefunga barabara na kuweka saa ya kutotoka, tunamdai vile vile: masaa ya kuteka maji, njia ya wagonjwa na wanaojifungua, na laini ya umeme na pompi zisiguswe na mtu yeyote mwenye bunduki. Maji ya raia yanalindwa na sheria ya vita, wanaijua.

Tatu, avenyi. Kila avenyi iwe na vijana sita wenye wanajua milango. Nani mjane, nani mwenye mimba ya miezi nane, mzee gani anaishi peke yake, nani ametoka kambini. Muandike nani hana. Msiandike kamwe nani ako na chakula, juu ile karatasi ikianguka mikononi mwa wapora mali mumewaonyesha njia. Na isipite kwenye simu. Ibaki kichwani ao kwenye kijitabu kimoja chenye kinaweza kuchomwa.

Nyumba tatu zikipika kwenye mbabula moja, makala ya siku mbili inafika karibu wiki. Bamama wanajua hii tangu zamani. Kinachokosekana ni mtu wa kuanza kugonga mlango.

Wenye chukudu tunawahitaji zaidi ya wenye maneno. Jumamosi hii, saa mbili ya asubuhi, kila mmoja aje na bidoni moja tupu yenye kifuniko, na sabuni kidogo ya kuiosha. Tutaanza na milango ya wajane, kisha vyumba vya waliotoka kambini. Asiye na bidoni aje na mikono.