Tufaha Chachu na Mkate Uliolala

Ndugu msikilizaji, juma hili nazungumzia matufaha. Si yale makubwa yanayong'aa kutoka Afrika Kusini, la. Nasema yale madogo, machachu, ya Lushoto na Njombe, ambayo wanunuzi wengi huyapita.

Waingereza hawayapiti. Mwaka 1809, mjini Southwell, msichana Mary Ann Brailsford alipanda mbegu. Mti ule ndio uliozaa aina ya Bramley, chachu mno kwa kutafuna, lakini ndiyo waipendayo kwa kupikia. Wamarekani nao, tangu karne ya 19, wana kitamutamu kiitwacho Brown Betty, cha matufaha na mkate uliolala.

Mimi hukipika nyumbani kwa makaa. Menya matufaha manne, kata vipande vyembamba. Fikicha mkate mkavu, changanya na siagi, sukari na mdalasini. Panga kwenye sufuria: mkate, matufaha, mkate, matufaha, na juu mkate tena. Nyunyiza maji kidogo, funika. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama dakika 40.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini tufaha chachu si baya, ila halijapata mpishi. Tukizidi kununua kwa macho, mkulima wa milimani atang'oa miti yake, nasi tutaagiza ng'ambo hata kile kinachoota kwetu.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.