Anayejitolea Naye Ana Shamba Lake

(Maneno yaliyotolewa kwenye mkutano wa kamati za parokia uliofanyika Bukima. Tumeyafupisha kidogo ili yaenee katika kurasa hizi.)



Wapo waliovuka maji kwa mtumbwi, wapo waliotoka Bunda tangu alfajiri, na wapo wa Butiama ambao gari liliwaharibikia njiani. Hakuna aliyelipwa kuja hapa. Mada tuliyopewa ni jinsi ya kuwatia moyo watu wa kujitolea na kuvifanya vikundi vyetu vidumu, nasi tunaizungumza mbele ya watu wanaoijua kuliko sisi. Mtatuvumilia.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hazijaanza kutolewa bure nchini mwishoni mwa mwaka 2004, tulikuwa na kikundi cha watu 12, wengi wao akina mama, waliokuwa wakiwatembelea wagonjwa majumbani. Kazi yao ilikuwa kumwogesha mgonjwa, kufua mashuka, kupika uji, na kukaa naye ili mwenye nyumba apate nafasi ya kwenda shambani au ziwani kuteka maji. Mara nyingi kazi iliishia makaburini. Mradi ulikuwa na mfadhili. Kulikuwa na baiskeli, glavu, sabuni na semina. Baada ya miaka 3 mradi ulikwisha. Mwaka uliofuata tulipokwenda kuhesabu, tulikuta wamebaki 4. Wagonjwa hawakuwa wamepungua.

Katika taarifa yetu tuliandika kwamba walioacha walikosa moyo. Sentensi hiyo tunaionea aibu mpaka leo. Tulipokwenda kukaa nao, nyumba kwa nyumba, tulisikia mengine kabisa. Mmoja alikuwa akinunua sabuni ya mgonjwa kwa fedha ya dagaa aliyouza, mpaka nyumbani kwake wakaanza kuuliza fedha inakwenda wapi. Mwingine alitengeneza tairi la baiskeli mara 3 kwa fedha yake. Mara ya 4 akaiegemeza ukutani, na ndipo tulipoikuta. Wa tatu alikuwa na wagonjwa 5 wa kuwatembelea huku magugu yakiumaliza muhogo wake, maana mvua zinaponyesha hazimsubiri mtu mwenye moyo wa huruma.

Lilikuwepo pia suala la posho, na hili tuliseme wazi kwa kuwa huwa tunalipitia kwa mbali. Siku moja ya kukaa kwenye semina ilimpa mtu posho na chakula cha mchana. Siku 30 za kuogesha wagonjwa hazikumpa hata kipande cha sabuni. Bila kukusudia, tuliwafundisha watu kwamba kazi yenye thamani ni ile ya kukaa kwenye kiti na kusikiliza. Halafu tukalalamika kwamba watu wa siku hizi wanapenda semina! Tuliwapa vyeti pia. Vyeti ni vizuri, vinapendeza ukutani, lakini havifui mashuka.

Sasa tuwatazame wale 4 waliobaki, kwa sababu wao ndio waliotufundisha. Hawakuwa watakatifu kuliko wenzao 8, na mmoja wao alikuwa mgomvi kweli kweli. Lakini walikuwa majirani, na walikuwa wamepatana jambo ambalo sisi hatukulijua. Siku moja kila wiki walilima pamoja, shamba la huyu wiki hii, la yule wiki ijayo. Aliyekwenda kwa mgonjwa siku ya zamu yake hakupoteza palizi. Walikuwa na kopo la sabuni ambalo kila mmoja alitia kidogo baada ya gulio. Na mmoja wao alipofiwa na mtoto, watatu waliobaki walihamia kwake mpaka matanga yakaisha. Kwa hiyo walipokuwa wakimhudumia mgonjwa, kila mmoja alijua kwamba yeye naye akianguka yupo wa kumwinua. Hakuna mradi uliowapa jambo hilo, na mradi ulipokwisha haukuondoka nalo.

Mtaona mambo yanayofanana na hayo kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Mtindo huo ulianza mwaka 1991 kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, kwa msaada wa shirika la CARE, ukafika kwetu baadaye, na leo karibu kila kijiji kina VICOBA. Sanduku lina kufuli 3, funguo wanashika watu 3 tofauti, fedha zinahesabiwa mbele ya wote, na mzunguko ukiisha wanagawana. Viongozi wa vikundi hivyo wengi hawana mshahara, lakini vikundi vinaishi. Vinaishi kwa sababu kila mwanachama ana chake ndani ya sanduku na anaona kwa macho yake kinavyokwenda. Ni kamati ngapi za parokia zinazosoma hesabu zake kwa sauti mbele ya wanaojitolea? Tunauliza tu. Tumeona watu wakiacha kazi kwa kuhisi kwamba kuna fedha inaliwa, kumbe haikuliwa hata senti, haikusomwa.

Wazee waliopo hapa watatukumbusha kwamba neno kujitolea lina historia katika mkoa huu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 watu walichimba mitaro na kujenga madarasa kwa mikono yao, na wengi walifanya hivyo kwa hiari na kwa fahari. Baadaye, wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, hiari ilichanganyika na amri. Asiyefika kwenye kazi ya kijiji alitozwa faini. Ndiyo maana hata leo, kiongozi akisimama kanisani akasema kesho wote tutajitolea kusomba mawe, wapo wanaosikia amri. Wananchi wa Musoma Vijijini wamesomba mchanga, mawe na maji kujenga sekondari katika kata zao, na tofauti inaonekana pale walipokaa kwanza wakaamua wenyewe darasa lijengwe wapi. Jumuiya ichague mtu wake na imuulize kama anataka. Tusisome majina kwenye matangazo ya Jumapili na mwenyewe ndiyo kwanza anasikia.

Tuseme pia kwamba kuna kazi zisizofaa kuachiwa kujitolea peke yake. Serikali yenyewe imelitambua hilo. Kamati za maji za vijiji ziliendesha pampu kwa miaka mingi bila malipo, na pampu nyingi zilikufa. Tangu RUWASA ilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vinatakiwa kuwa na fundi na mhasibu. Vivyo hivyo katika afya. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima kwa miaka 5, wenye mafunzo na posho ya kila mwezi. Kazi inayomtaka mtu kila siku, kwa saa maalumu, ni ajira, hata tukiiita wito. Kazi ya kujitolea ni ile ambayo mtu anaweza kuifanya na bado watoto wake wakala.

Kuna na gharama isiyohesabika kwa shilingi. Ndugu zetu walioingia kwenye vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, wanaijua. Ukikamata kokoro usiku, asubuhi unakuta mwenye kokoro ni shemeji yako. Kwenye msiba hukaribishwi, na mkeo anasemwa kisimani. Mtu kama huyo hatumwongezei nguvu kwa fulana. Anahitaji kamati isimame naye hadharani, na ikubali kumpumzisha kabla hajavunjika. Kumpa mtu muda maalumu, tuseme miaka 2, kisha kumshukuru na kumwachia mwingine, siyo kumfukuza. Wengi wanakimbia kwa sababu hawakuonyeshwa mlango wa kutokea kwa heshima.

Sasa neno kwa wafadhili wetu, nao ni marafiki kwa hiyo hawatakasirika. Kwenye fomu zenu mnauliza shughuli zitaendeleaje mkiondoka. Nasi tumezoea kujaza kwamba jamii itaendelea kwa kujitolea. Ni rahisi kuandika hivyo, maana anayebebeshwa mzigo huo hayupo ofisini wakati fomu inajazwa. Tunaomba mkubali katika bajeti fungu dogo la sabuni, nauli na tairi, na mkubali lipungue mwaka hadi mwaka kadiri vikundi vinavyojaza kopo lao. Tunaomba pia posho ya semina isizidi kile anachopata mtu kwa kazi yenyewe. Tunajua kwamba baadhi ya mahudhurio yatapungua. Na yapungue.

Kikao kijacho tumekiweka Jumamosi ya mwezi mpevu, kwa sababu siku za giza wenzetu wa dagaa wako ziwani na taa zao usiku kucha, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiwaandika kuwa ni watoro. Kila kamati ije na daftari lenye majina ya watu wake wa kujitolea, na mbele ya kila jina iandikwe fedha aliyotoa mfukoni mwake kwa miezi 3 iliyopita: nauli, sabuni, vocha ya simu, tairi. Msiwakadirie. Nendeni mkawaulize.