Picha Isiyofunguka: Kutafuta Makosa ya Kupakia na Kuonyesha Picha katika Programu za Python

Mada kwa wanafunzi wa kompyuta na wahesabu wanyama wa hifadhi za jamii, Garissa



Kusini-mashariki mwa Kaunti ya Garissa anaishi hirola, swala ambaye inakadiriwa wamebaki chini ya 500 porini, na ambaye makazi yake ya asili ni huku tu, kwenye mpaka wa Kenya na Somalia. Mwaka 2012 hifadhi ya jamii ya Ishaqbini ilizungushia ua sehemu ya ardhi yake ili kumkinga na wanyama walao nyama. Kwa mnyama adimu namna hii, picha moja ya kamera iliyotegwa kichakani ni habari kubwa. Programu ikishindwa kuifungua picha hiyo na ikanyamaza, ripoti itapungukiwa na mnyama na hakuna atakayejua. Kosa linalopiga kelele tutalirekebisha siku hiyohiyo. Linalonyamaza ndilo la kuogopwa, na ndilo nimelijia leo.

Kuhesabu wanyama kwa picha kumeshafanyika nchini kwetu. Januari 2016, katika sensa ya Great Grevy's Rally, wananchi walipiga picha punda milia wa Grevy, kisha programu ya IBEIS, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa kwa Python, ikawatambua mmoja mmoja kwa mistari yao. Makadirio yaliyopatikana kwa Kenya yalikuwa punda milia 2,350. Namba ya aina hiyo inaaminika tu ikiwa tunajua ni picha ngapi ziliingia na ni ngapi zilisomwa.

Tuanze na njia ya faili, maana makosa mengi huzaliwa hapo. Chukua mwanafunzi anayetumia Windows, mwenye folda iitwayo picha kwenye diski D. Kwa maktaba ya Pillow anaandika Image.open("D:\picha\hirola.jpg") na hirola anafunguka. Anabadilisha neno moja, Image.open("D:\picha\twiga.jpg"), na programu inakataa. Anaikagua faili ya twiga, ni nzima. Anainakili upya kutoka kwenye kamera, inakataa tena. Picha haina kosa lolote. Ndani ya maandishi ya Python, mkwaju wa nyuma ukifuatwa na herufi t husomwa kuwa ile nafasi ya kitufe cha Tab, kwa hiyo kompyuta inatafuta faili ambayo haijawahi kuwepo. Mkwaju ukifuatwa na h hauna maana maalumu, ndiyo sababu hirola alipita, ingawa Python kuanzia toleo la 3.12 itatoa onyo.

Majina yetu ya Kiswahili yanaangukia mtego huu mara nyingi kuliko tunavyodhani. Tembo hupatwa na yaliyompata twiga. Nyati, ngiri na ngamia huvunja mstari. Fisi hugeuka alama ya kuruka ukurasa. Ukiipa folda jina la ukame, programu haianzi kabisa, kwa sababu mkwaju na u hutarajia tarakimu nne za mfumo wa heksadesimali baada yake. Dalili yake inaonekana ndani ya ujumbe wa kosa wenyewe: Python itaandika 'D:\\picha\twiga.jpg', yaani mikwaju miwili mahali palipo pazima na mmoja mahali palipoharibika. Dawa ni kutumia mkwaju wa mbele, "D:/picha/twiga.jpg", au kutanguliza herufi r kabla ya alama za kunukuu. Mimi napendelea Path ya pathlib, hasa Path(__file__).parent, kwa sababu inaanzia pale ilipo programu yako. Njia fupi kama "picha/twiga.jpg" huanzia pale ulipokuwa umesimama ulipoiita programu, na hapo si lazima pawe ndani ya folda ya mradi.

Kuna jambo dogo linalofanana na hilo. Kamera nyingi huandika majina kwa herufi kubwa, IMG_0001.JPG. Ukitafuta faili kwa glob("*.jpg"), Windows itakuletea zote, lakini kompyuta ya Linux haitakuletea hata moja. Haitalalamika. Kitanzi kitazunguka mara sifuri na ripoti itasema wanyama sifuri.

Sasa tuje kwenye kufungua. Kazi (function) ya cv2.imread katika maktaba ya OpenCV ikishindwa, hairushi kosa. Inarudisha None na programu inaendelea. Kelele husikika mistari mingi baadaye, kwa maneno kama !_src.empty(), na mwanafunzi anahangaika na mstari usio na hatia. Kwa hiyo mara tu baada ya imread, uliza: if picha is None, kisha andika jina la faili na usimamishe kazi ya picha hiyo. Kwenye Windows, OpenCV pia hushindwa kusoma njia yenye herufi zilizo nje ya zile za Kilatini cha kawaida. Folda uliyoipa jina kwa herufi za Kiarabu inaweza kukukwamisha. Isome faili kwa np.fromfile ya NumPy kisha uifungue kwa cv2.imdecode.

Pillow nayo ina tabia ya kujulikana. Image.open husoma kichwa cha faili tu. Picha iliyokatika katikati kwa sababu mtandao ulianguka wakati wa kuituma itafunguka vizuri, kisha itakataa unapotaka kuionyesha. Ijaribu kwa picha.load() kabla ya kuiamini. Wapo wanaoshauri kuweka LOAD_TRUNCATED_IMAGES kuwa True ili yaishe. Kwa kazi ya kuhesabu wanyama napinga ushauri huo: sehemu iliyokosekana hubaki bila picha, na huenda ndipo aliposimama mnyama.

Picha imefunguka, lakini udongo mwekundu wa Garissa umekuwa wa buluu. OpenCV hupanga rangi kuanzia buluu, kijani, nyekundu. Matplotlib na Pillow huanzia nyekundu. cv2.cvtColor(picha, cv2.COLOR_BGR2RGB) humaliza tatizo. Lakini angalia unapofanya majaribio: Ishaqbini ilipata umaarufu kwa twiga weupe, na wawili kati yao waliuawa na majangili, habari iliyotangazwa Machi 2020. Katika rangi nyeupe, nyekundu, kijani na buluu zina thamani karibu sawa, kwa hiyo twiga mweupe hubaki mweupe hata mpangilio ukiwa umepinduka. Picha za usiku za mwanga wa infraredi nazo ni vivyo hivyo. Jaribu programu yako kwa picha ya mchana yenye udongo na majani.

Kwa wanaotengeneza madirisha ya Tkinter: picha ikitokea tupu bila kosa lolote, mara nyingi ImageTk.PhotoImage iliundwa ndani ya kazi, kazi ikaisha, Python ikaifuta kwenye kumbukumbu. Andika lebo.image = foto ili ibaki.

Picha za setilaiti zinastahili neno refu kidogo, kwa sababu baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2023 wengi wetu tulitaka kuuona mto Tana ulivyotapakaa. Kigae kimoja cha setilaiti ya Sentinel-2 kina pikseli 10,980 kwa 10,980, zaidi ya milioni 120. Pillow hutoa onyo la hatari pikseli zikizidi takriban milioni 89, kwa hiyo usishtuke. Shida kubwa ni namba zenyewe. Kila bendi hutunzwa kwa biti 16, na ardhi yetu mara nyingi huwa na thamani za elfu chache tu, hivyo skrini inayotarajia hadi 65,535 huonyesha giza. Ukikimbilia astype("uint8"), unaharibu zaidi: 3,000 inakuwa 184, na 3,100 inakuwa 28. Sehemu mbili zinazokaribiana kwa mwanga zinageuka moja nyeupe, nyingine nyeusi, na mtu asiyejua ataiita maji. Tumia np.percentile kupata mipaka ya asilimia 2 na 98, nyoosha namba kati ya mipaka hiyo, ndipo ugeuze kuwa biti 8.

Ombi langu kwenu ni hili. Kila programu mtakayoiandika kwa ajili ya hifadhi, chuo au kaunti, mwisho wake ichapishe namba tatu: faili zilizopatikana, zilizofunguka, na zilizokataa pamoja na majina yao. Na anayepokea ripoti ya idadi ya hirola bila namba hizo tatu, airudishe.