Anayehudumia Naye Ni Binadamu

Mto Tana nchini Kenya ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023 na tena 2024, vijiji vya deltani kama Kau, karibu na Kipini, hutegemea mtumbwi. Anayeshuka humo na mkoba wa dawa begani mara nyingi ni mhudumu wa afya ya jamii. Hugawa vidonge vya kusafisha maji, humtazama mtoto mwenye homa, humfariji aliyepoteza shamba la migomba. Jioni hurudi kwake, na kwake pia maji yamefika magotini.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kwa anayetazama kwa mbali, kazi hii huonekana nyepesi. Lakini posho ya mhudumu huyu ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikichangiana.

Mzigo kama huo huchosha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi si ugonjwa, bali ni matokeo ya msongo wa kazini usioshughulikiwa. Basi dawa yake si tembe. Ni zamu, siku ya kupumzika, posho kwa wakati, na mwenzake wa kumsikiliza. Naye mhudumu ajue: kusema “leo nimechoka” si uvivu.