Kwanza Mzizi, Kisha Ukuta



Wapo wadhanio kwamba choo cha mawe na magogo katika kambi ya wageni hifadhini ni dalili ya ufukara, na wapo wakionao kuwa pambo tu. Historia ya hifadhi za taifa za Marekani yaonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea.

Katika miaka ya 1920 wenye magari walifurika katika misitu mikubwa ya California. Walipiga mahema na kuegesha magari popote walipopenda, hata juu ya mizizi ya miti ile ile waliyokwenda kuitazama. Mtaalamu wa maradhi ya mimea, E. P. Meinecke, alionya kwamba udongo ukishindiliwa, mizizi hukosa hewa na maji, na mti hufa pole pole. Mwaka 1932 alipendekeza mpango wa kambi: barabara ya kwenda upande mmoja, kila gari na mahali pake, na mawe au magogo ya kulizuia lisivuke hapo.

Mwaka uliofuata serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda kikosi cha vijana wasio na kazi, Civilian Conservation Corps. Kila kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida 25 kati ya hizo zilipelekwa kwa jamaa zake. Vijana hao walijenga meko, meza, vyoo na vibanda kwa mawe na miti iliyolingana na mandhari; mawe makubwa yakalazwa chini, na uso uliopigwa na mvua na jua ukaelekezwa nje. Walakini heshima iliyopewa miti haikupewa watu wote: sheria ilikataza ubaguzi, lakini vijana weusi wengi walitengwa katika kambi zao peke yao.

Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1942. Tangu 1956, katika mpango wa Mission 66, saruji na chuma vilishika nafasi, kwa kuwa wageni walizidi na kazi ya mikono ilikuwa ghali. Hoja hiyo ina uzito, maana mgeni hana budi kupata choo safi.

Basi ukuta wa mawe peke yake hauokoi mti. Kiuokoacho ni uamuzi wa mahali gari litakaposimama na mguu utakapopita. Ajengaye hifadhini yampasa aanze na mzizi, ndipo aufikirie ukuta.