Hotuba kwa Wananchi wa Chinongwe: Redio Mikononi mwa Wanafunzi

(Ifuatayo ni hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa Chinongwe, Wilaya ya Ruangwa, kuhusu Siku ya Redio Duniani. Inachapishwa kwa manufaa ya watumishi wa Serikali na wananchi wote.)



Kila tarehe 13 Februari dunia huadhimisha Siku ya Redio, kufuatana na uamuzi wa UNESCO wa mwaka 2011. Leo napenda tuzungumzie redio inayoendeshwa na wanafunzi wa sekondari wenyewe.

Redio si ngeni kwetu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Majirani zetu wa Nachingwea waliishi karibu na kambi ya mafunzo ya FRELIMO, na sauti ya wapigania uhuru hao ilisikika kutoka Dar es Salaam kwa mitambo ya Radio Tanzania, kabla ya Msumbiji kujitawala mwaka 1975. Wazee wetu wanajua, basi, kwamba neno lililorushwa hewani huweza kuinua jembe, na hata kuondoa ukoloni.

Katika hayo yote, hata hivyo, kijana wa shule alikuwa msikilizaji tu. Kwingineko alipewa nafasi zaidi. Mwaka 1923, katika shule ya ufundi ya Benson, mjini Portland, Marekani, wanafunzi walinunua mtambo wao wa kurushia matangazo. Kituo hicho, KBPS, kikawa darasa la kazi kwa vizazi vilivyofuata. Nchini mwetu vyuo vikuu vimeonyesha njia kwa Mlimani Redio ya Dar es Salaam na Radio SAUT ya Mwanza. Sekondari zetu nazo zastahili kusaidiwa.

Najua mtauliza: fedha zitatoka wapi? Kurusha matangazo hewani kwahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na sheria lazima ifuatwe. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Shule yaweza kuanza na kipaza sauti kimoja na spika mbili uwanjani, dakika 15 kabla ya masomo. Baadaye vipindi vilivyorekodiwa vyaweza kupelekwa katika redio ya jamii iliyo karibu, yenye leseni yake.

Watangaze nini? Watangaze bei ya korosho na ufuta kama ilivyotoka mnadani, baada ya kuihakiki kwa chama cha msingi. Wasimulie habari za Kimwera walizozipata kwa babu na bibi, wazieleze kwa Kiswahili sanifu. Atakayesoma bei hiyo atajifunza hesabu. Atakayehoji wazee atajifunza historia. Atakayetengeneza waya uliokatika atajifunza fizikia. Na msichana aliyezoea kukaa kimya darasani ajue kwamba zamu yake imeandikwa ubaoni, wala hapana wa kumpokonya.

Sasa nina neno kwa watumishi wenzangu. Redio ya wanafunzi haitakuwa ya kusifu tu. Ipo siku watatangaza kwamba bomba la shule halitoi maji. Siku hiyo jibu la ofisi liwe fundi, wala lisiwe karipio. Tukiwanyamazisha kwa kusema kweli, tutakuwa tumewafundisha kuogopa, na mtu huyohuyo mwoga ndiye atakayekuja kukalia viti vyetu. Mwalimu mlezi awafundishe kuhakiki habari, kutomtukana mtu, kutotaja siri za watoto, na kusahihisha kosa hadharani. Akishafanya hayo, awaachie kipaza sauti.

Kwa hiyo naomba mambo matatu: bodi ya shule imteue mwalimu mlezi, wazazi wachangie walichonacho, hata betri, na kila ofisi ya kata ikubali kuhojiwa na wanafunzi mara moja kwa mwezi.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tumlee aseme kweli kwa adabu, nasi tuwe na adabu ya kumsikiliza.