Ukuta wa Siku 52 na Madeni ya Ndugu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa mji)



Tumeombwa kusema juu ya jamaa za Israeli waliorudi kwao kutoka Babeli. Wengi wenu mliisikia habari hii tangu utoto katika masomo ya dini. Lakini mara nyingi ilisimuliwa kama sikukuu: watu walitoka utumwani, wakaimba, wakajenga, basi. Leo tutaisoma kama sisi makarani tunavyosoma kitabu cha hesabu: nani aliingia, nani alibaki, nani alidaiwa, na nani alilipa.

Kwanza miaka. Yapata mwaka 586 mbele ya kuzaliwa kwake Kristu, Nebukadneza, mfalme wa Babeli, aliuvunja mji wa Yerusalema, akachoma hekalu, akahamisha watu. Baadhi ya maskini waliachwa walime mashamba. Mwaka 539 Babeli yenyewe ilianguka mikononi mwa Koreshi, mfalme wa Persia. Huyu aliwapa ruhusa warudi, wajenge tena hekalu lao. Lakini tuelewe vizuri: ruhusa si uhuru. Walirudi katika inchi ya baba zao, na kodi waliendelea kuilipa kwa mfalme wa Persia.

Kitabu cha Ezra kinaandika watu 42,360, pamoja na watumishi 7,337. Si wote waliorudi. Vibao vya udongo vilivyochimbwa katika inchi ya Irak vinaonyesha kwamba miaka mingi baadaye Wayahudi walikuwa wakilima na kukodi mashamba kule kule Babeli. Tusiwatukane. Mtu aliyezaa watoto na wajukuu ugenini, hafungi mzigo kwa siku moja.

Majina yaliandikwa jamaa kwa jamaa. Hapo walionekana watu 652 wasioweza kuonyesha ukoo wa baba zao, na makuhani wengine wakaondolewa katika kazi yao kwa sababu jina halikuonekana katika orodha. Sisi wa ofisi tunajua uzito wa jambo hilo. Jina likikosekana katika kitabu, siku ya posho mtu anasimama dirishani na mfuko mtupu, hata kama kazi aliifanya.

Walipoweka msingi wa hekalu, wazee waliokuwa wameliona lile la kwanza walilia, na wengine walipiga kelele za furaha, hata sauti zikachanganyika. Kisha ikaja mivutano na wakaaji waliowakuta, na kazi ikasimama. Nabii Hagai alitaja sababu nyingine tena: kila mtu alikimbilia nyumba yake mwenyewe, na kazi ya wote ikangoja. Mwaka 520, wakati wa mfalme Dario, walianza upya, na mwaka 515 hekalu likamalizika.

Lakini mji ulikuwa bado wazi. Mwaka 445 alifika Nehemia, Myahudi aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme wa Persia. Alizunguka ukuta usiku, akaona mabomoko kwa macho yake kabla hajasema neno kwa wakubwa. Kisha akagawa kazi. Wengi walijenga kipande kilicho mbele ya nyumba yao. Wafua dhahabu walijenga, wauza manukato walijenga, Shalumu mkubwa wa nusu ya wilaya alijenga pamoja na binti zake. Wakubwa wa Tekoa ndio waliokataa kuinamisha shingo zao kwa kazi. Na watu wadogo wa Tekoa walifanya nini? Walimaliza kipande chao, wakachukua na cha pili. Adui walipotisha, nusu walishika mikuki na nusu walijenga. Kwa siku 52 ukuta ukaisha.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa ndipo watu wengi hupita upesi. Habari za ukuta ule zinakatwa katikati na kilio. Wanaume na wake zao walilia, wala si juu ya Wapersia. Walilia juu ya ndugu zao Wayahudi. Njaa ilikuwapo, na kodi ya mfalme ilikuwapo. Mwenye shamba aliweka shamba rehani apate nafaka. Mwingine alikopa fedha alipe kodi. Kilichofuata kilikuwa watoto: wavulana na wasichana walitolewa kuwa watumwa katika nyumba za matajiri wa kabila lao wenyewe. Faida iliyotajwa ni sehemu moja katika mia. Wafasiri wengi wanaihesabu kwa mwezi. Basi ni 12 katika mia kwa mwaka.

Nehemia alikasirika. Hakuwangojea wakubwa chumbani kwa siri. Aliita mkutano mkubwa. Yeye na watu wake pia walikuwa wamekopesha, na hilo alilisema mbele ya wote. Akawataka warudishe mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba na faida, siku ile ile. Walikubali, naye akawaapisha mbele ya makuhani. Yeye mwenyewe, miaka 12 ya utawala wake, hakula posho ya liwali, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Baada ya hayo mji ulionekana mkubwa na watu wachache, nyumba hazijajengwa. Walipiga kura, mtu mmoja katika kumi ahamie Yerusalema. Na Ezra aliposoma Sheria mbele ya wanaume na wanawake, Walawi walisimama kati yao wakieleza maana, ili kila mtu aelewe.

Basi ndugu, sisi tunaona hivi. Adui wa nje alizuiliwa kwa mawe na mikuki. Deni kati ya ndugu halikuzuiliwa na jiwe lolote. Kama wangemaliza ukuta na kuwaacha watoto wale utumwani, wangekuwa wamejenga boma la kufungia watu wao wenyewe. Mkisoma habari hii nyumbani, msihesabu siku 52 tu. Hesabuni pia mashamba yaliyorudishwa, na watoto waliorudi kulala kwa mama zao.